Malalamiko kuhusu kitabu cha Elisi kukosa picha

Meneja Uchapishaji,

Ndugu Meneja,

YAH: TOLEO LENU LA HADITHI YA ELISI KUKOSA PICHA 19

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu, kwa shilingi 28,000, toleo lenu jipya la Kiswahili la hadithi ya Elisi katika nchi ya ajabu. Jaladani mmeandika kwamba lina picha zote 42 za John Tenniel, mchoraji wa toleo la kwanza. Nimezihesabu: zipo 23. Kuanzia sura ya tisa hakuna hata moja, na zilizopo zimejaa wino hadi yule Paka na tawi alilokalia vimekuwa doa jeusi.

Binti yangu ana miaka minane na hiki ndicho kitabu kirefu cha kwanza anachojisomea. Alipofika kwa kiumbe aitwaye Grifoni, mwandishi anamwambia msomaji: kama hujui Grifoni ni nini, itazame picha. Akafunua ukurasa unaofuata. Akarudi nyuma. Kisha akaniletea kitabu akaniuliza, "Mama, kuna ukurasa umenyofoka?" Haukunyofoka, namba zinafuatana. Mbele zaidi, kwenye kesi, msomaji anatumwa tena kwenye picha ya mwanzo kabisa wa kitabu akaone Mfalme alivyovaa taji juu ya wigi la jaji. Hapo ninyi mmeweka tangazo la vitabu vyenu vingine.

Hata kisa cha Panya, ambacho mistari yake hupangwa ikijipinda na herufi zikipungua hadi vifanane na mkia, mmekipanga kama habari ya gazeti.

Nilipokirudisha, mhudumu aliniambia, "Mama, hiki ni cha watoto, muhimu hadithi." Jibu hilo limeniumiza kuliko hela yangu. Mwaka 1865 Tenniel aliona picha zake zimechapwa vibaya, akalalamika, na Lewis Carroll, mtunzi wa hadithi hiyo, akakubali nakala 2,000 zilizokwisha kuchapwa ziondolewe na kitabu kichapwe upya, kwa gharama yake mwenyewe. Kilikuwa cha watoto vilevile.

Naomba mnipe nakala iliyokamilika au mnirudishie fedha zangu. Naomba pia nakala zilizobaki ziondolewe rafuni hadi mrekebishe, kwa sababu mzazi anayenunua anaamini jalada, na mtoto hana namna ya kujua kilichokosekana ni kosa la nani. Wangu alidhani yeye ndiye aliyeharibu kitabu. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani.

Nimeambatisha nakala ya risiti na picha za jalada na za kurasa nilizozitaja. Kitabu ninacho bado. Binti yangu amekiwekea alama kwenye sura ya tisa na kila siku ananiuliza kama mmejibu.

Wenu,
Mzazi na mteja,
Morogoro