Kabla ya kuongeza gesi kwenye pampu ya joto, angalieni sensa kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wenye majengo makubwa, mahoteli, hospitali, mabweni, na mafundi wenzangu pia, kuhusu hizi pampu za joto za kupasha maji na vyumba, maana kompresa, ile sehemu inayobana gesi na kuizungusha, zinakufa na nyingi zilikuwa bado na miaka mingi ya kufanya kazi.

Majuzi niliitwa kwenye mashine ya hoteli moja, ya gesi ya R410A, nikaambiwa gesi imeisha tena. Hiyo "tena" maana yake ilishaongezwa mara mbili. Nikafungua kifuniko, nikakuta sensa ya joto ya bomba la kunyonya, ile inayotakiwa ibane kabisa kwenye bomba linalorudisha gesi kwenye kompresa, imechomoka kwenye klipu yake inaning'inia hewani pembeni ya kompresa ambako kuna vuguvugu. Skrini inasema bomba lina nyuzi 24, mi nikibana themomita yangu kwenye bomba lenyewe napata 3.

Mtu anaweza kusema si ni kasensa tu, sasa ngoja nieleze. Bodi ya kontroli, yaani kompyuta ya mashine, haina macho ya kuona gesi iko wapi wala iko kiasi gani, inachopata ni presha na joto basi. Sensa ya presha inailetea volti, nyingi ni kuanzia 0.5 mpaka 4.5, bodi inazigeuza kuwa presha halafu inaangalia kwa presha hiyo gesi inachemka ikiwa nyuzi ngapi, kwa mfano R410A geji ikisoma karibu bar 7 ujue inachemka karibu na nyuzi sifuri. Kisha inachukua joto la bomba la kunyonya inatoa hilo joto la kuchemka, na kinachobaki ndo sisi mafundi tunakiita supahiti, yaani gesi imepata joto kiasi gani zaidi baada ya kuwa mvuke yote. Mashine nyingi zinataka kama nyuzi 5 mpaka 8 hivi. Ikizidi sana ujue koili, yale mabomba ambamo gesi inachemka, haipati gesi ya kutosha, ikikaribia sifuri ujue gesi inarudi kwenye kompresa bado ni majimaji, na kompresa imetengenezwa ibane mvuke, majimaji hayabanwi, yanaosha oili kwenye beringi na yanavunja vitu humo ndani. Ndo maana kuna valvu ya elektroniki ya kupitisha gesi kwenye koili, yenye mota ya hatua, nyingi zina hatua kama 500 toka imefunga mpaka imefunguka yote, bodi inaisogeza kidogo kidogo muda wote kutafuta hiyo supahiti.

Sasa rudi kwenye ile hoteli. Presha inasema gesi inachemka kwenye nyuzi 2, sensa iliyodondoka inasema 24, bodi inapata supahiti 22, ikaamini koili ina njaa ikafungua valvu mpaka mwisho, wakati supahiti ya kweli ilikuwa 1. Kompresa inakunywa majimaji usiku na mchana. Fundi wa kwanza akaona 22 kwenye skrini akasema gesi pungufu, na hapo simlaumu sana kwa sababu gesi ikipungua kweli dalili inakuwa hiyohiyo, ila hakugusa bomba, angeligusa tu kwa mkono angesikia ubaridi. Akaongeza. Wa pili akaongeza. Ziada yote ikajazana kwenye kondensa, pale mvuke unapogeuka majimaji, presha ya juu ikapanda mpaka swichi ya presha ikawa inakata, na kwa R410A swichi hizo kwa kawaida hukata karibu bar 42. Halafu mtu akapiga jampa ile swichi, yaani akaipitishia waya pembeni isikate tena.

Hilo ndo limenifanya niandike. Swichi ya presha ya juu inafungwa kwenye njia ya umeme unaowasha kontakta, ile swichi kubwa ya umeme ya kompresa, makusudi, ili hata bodi ikidanganywa au ikiungua bado kompresa itazimwa. Ukiiunganisha waya moja kwa moja umeondoa kinga ambayo haitegemei kompyuta yoyote, na nje pale kuna bomba lenye presha kubwa na watu wanapita. Nilipouliza nikaambiwa msimamizi alisema iwake tu wageni wanataka maji ya moto. Jamani, msiwalazimishe mafundi hivyo, na sisi mafundi tukatae.

Tulitoa gesi yote tukaipima kwenye mizani, ikazidi karibu robo juu ya kilo zilizoandikwa kwenye bati la mashine. Gesi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari, mfumo umefungwa, ikipungua kuna mahali inavuja, patafutwe pazibwe. Na R410A ikitoka hewani kilo moja inapasha dunia kama kilo 2,088 za kabonidioksaidi kwa miaka 100, ndo maana nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za aina hii.

Sensa ya koili ya nje nayo ina mchezo huohuo, ikisoma vibaya bodi haijui kama koili imeshika barafu, haigeuzi valvu ya njia nne, ile inayobadili mwelekeo wa gesi, ili kuiyeyusha, presha ya chini inashuka, na mtu anakuja na mtungi wa gesi.

Kupima sensa hizi za joto si kazi kubwa. Nyingi ni themista, joto likipanda ukinzani wake unashuka, na ile ya kiloomu 10 inasoma 10 kwenye nyuzi 25. Chukua kikombe weka barafu iliyosagwa na maji kidogo, koroga, zamisha sensa dakika chache, skrini inatakiwa isome sifuri au karibu yake. Ukiirudisha kwenye bomba safisha bomba kwanza, paka ile pesti ya kupitisha joto, bana klipu, funga insulesheni juu yake.

Kwenu wenye majengo, fundi akimaliza dai karatasi yenye presha zote mbili, joto la bomba la kunyonya alilopima kwa themomita yake mwenyewe, supahiti, na kilo za gesi alizotoa au kuongeza. Na muulizeni kama kuna jampa mahali popote. Kama ipo, mashine ibaki imezimwa mpaka itolewe, hata kama wageni wataoga maji ya baridi siku mbili.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa majokofu na pampu za joto