Betri za kubadilishana zina zaidi ya miaka mia moja

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka 31 na hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Habari yenu ya Jumanne iliyopita, ile ya kituo cha kubadilishia betri za bodaboda za umeme, imenikera kiasi cha kunikosesha usingizi. Kichwa cha habari kilidai hii ni teknolojia ambayo dunia haijapata kuiona. Ndani, mwandishi wenu akaongeza kuwa gari la umeme lenyewe ni uvumbuzi wa miaka ya karibuni. Yote mawili si kweli.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nimeshika betri tangu 1979, na vidole vyangu vina makovu ya asidi. Betri ya risasi na asidi, hiyo hiyo inayowasha daladala mnazopanda kwenda ofisini, ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Gustave Trouvé, alifunga mota na betri kwenye baiskeli ya magurudumu matatu akaiendesha katika mtaa wa Paris. Karl Benz alikuwa bado hajaandikisha gari lake la petroli. Hilo alilifanya 1886. Kwa hiyo chombo cha umeme kilitangulia barabarani, petroli ikafuata. Mwaka 1897 teksi za umeme zilikuwa zikibeba abiria London. Tarehe 29 Aprili 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy alipanda gari lenye umbo la risasi ya bunduki, linaloendeshwa kwa betri, akafikisha kilomita 105 kwa saa karibu na Paris. Hakuna gari la aina yoyote, si la mvuke wala la petroli, lililokuwa limewahi kuvuka kilomita 100 kwa saa kabla ya hilo. Marekani mwaka 1900 yalitengenezwa magari 4,192. Ya umeme yalikuwa 1,575, na ya petroli 936 tu.

Sasa tuje kwenye hiyo betri ya kubadilishana. Kuanzia 1910 hadi 1924, kampuni ya umeme ya mji wa Hartford, Marekani, ilikuwa na mpango wa malori ya umeme. Mteja alinunua lori bila betri. Betri zilikuwa mali ya kampuni. Ikiisha chaji, lori linaingia kituoni, betri inatolewa, inawekwa iliyojaa, dereva anaendelea na safari. Mteja alilipia kila maili aliyotembea, na juu yake ada ya mwezi ya matunzo na maegesho ya lori. Malori ya mpango huo yalitembea zaidi ya maili milioni 6. Soma tena habari yenu, Mhariri, uniambie ni kipi kilichomo ambacho watu wa Hartford hawakukifanya.

Baadaye gari la umeme lilishindwa na la petroli, lakini si kwa sababu halikufanya kazi. Mafuta mengi yaligunduliwa Texas mwaka 1901, petroli ikawa rahisi. Ford akaleta gari la bei ya chini mwaka 1908. Ila mwanzoni gari la petroli liliwashwa kwa kuzungusha hendeli kwa mkono, na kila aliyewahi kupiga hendeli anajua inavyoweza kurudi kwa nguvu ikavunja mkono. Ndiyo maana wengi waliokuwa na uwezo walipenda la umeme. Hata Clara, mke wa Henry Ford mwenyewe, alikuwa akiendesha gari la umeme la mwaka 1914. Kampuni ya magari ya Cadillac ilipoweka stata ya umeme, yaani mota ndogo ya kuwasha injini, mwaka 1912, hendeli ikaanza kwenda zake na sababu kubwa ya kukwepa petroli ikaenda nayo. Bei zikamaliza kazi: mwaka huo gari la umeme liliuzwa dola 1,750, la petroli dola 650.

Huenda utasema huyu mzee anagombania tarehe tu. Hapana. Miaka miwili iliyopita mwanangu, ambaye ni dereva wa bodaboda, alinijia na kipande cha gazeti lako. Kilikuwa kinasifu pikipiki za umeme za kampuni fulani kwa maneno karibu haya haya: mpya kabisa, haijapata kutokea, mapinduzi. Nikamwambia, mwanangu, uliza kwanza betri ni ya nani. Akanijibu, "Baba, hii ni teknolojia mpya, nyie wa zamani hamuijui. Gazeti limesema." Akachukua pikipiki kwa mkopo. Betri haikuwa yake, alikuwa akiikodi kwa kuibadilisha kituoni. Baada ya miezi minane kituo cha mtaani kwetu kikafungwa bila notisi, na kilichobaki kiko kilomita 19 kutoka hapa, mwendo unaokula karibu nusu ya chaji kwenda na kurudi kabla hajabeba abiria hata mmoja. Akajaribu kutafuta betri ya kampuni nyingine, haikuingia: plagi tofauti, umbo tofauti, na mfumo wenyewe unaikataa. Betri ya mwisho aliyokuwa ameikodi ikachukuliwa alipochelewesha malipo ya wiki mbili. Mimi niliyefufua betri za watu kwa zaidi ya miaka 40 sina la kumfanyia, kwa sababu chombo kimefungwa kisifunguliwe na fundi yeyote wa nje. Pikipiki imesimama uani imefunikwa turubai na mkopo bado anaulipa. Laiti mwandishi wenu angeijua Hartford, angejua pia maswali ya kuuliza. Betri ni ya nani? Kituo kikifungwa, mteja anakwenda wapi? Betri ya kampuni hii inaingia kwenye pikipiki ya kampuni ile? Anayekulipisha kila mwezi ndiye anayetunza chombo chako, kama walivyofanya wale wa 1910, au anakuachia mzigo? Kitu kikiitwa kipya, watu wanaona haya kukiuliza maswali, na nyinyi ndio mliokiita kipya.

Ninapokuwa hapo hapo, niseme na hili. Chuo cha ufundi nilichosomea kilikuwa na chumba cha vitabu. Humo ndimo nilimojifunza habari za Planté na za stata, katika kitabu cha michoro chenye jalada la kijani. Nilipopita hapo mwaka jana nikakuta vitabu vimeuzwa kwa kilo ili chumba kiwekwe kompyuta, na siku chache baadaye nikauziwa karanga sokoni zimefungwa kwenye karatasi yenye mchoro wa dainamo. Kompyuta sizipingi. Ila vitabu vile na kompyuta zile vingeweza kukaa chumba kimoja, na hakuna aliyeuliza mafundi.

Naomba mambo haya yafanyike. Msahihishe habari ile, si kwa mstari mmoja chini ya matangazo ya vifo, bali kwa safu mbili ukurasa wa tatu, toleo la Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku gazeti linapofika gereji na vijiweni. Wekeni picha ya gari la Jenatzy la 1899, ipo, na watu wataielewa bila maelezo mengi. Na mwandishi wenu aje kwangu na madereva sita wa bodaboda za umeme, watatu wanaofurahia na watatu waliokwama, akae nao saa mbili, aandike wanacholipa kwa wiki na nani anamiliki betri zao. Chai ipo, na pikipiki ya kuonyesha ipo.

Fundi umeme wa magari,
Morogoro