Anza na majina, shoga yangu

Silver Spring, Maryland
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, mimi na watoto hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baridi tu ndiyo inayotusumbua. Barua yako niliipata Alhamisi nikaisoma mara mbili. Nimefurahi kusikia chuo kimeikubali mada yako ya watu weusi wa Marekani katika miaka ya kwanza baada ya utumwa. Umeniuliza ununue vitabu gani. Kwa sasa usinunue hata kimoja. Nyaraka zinazokufaa zaidi ni za bure, na nyingi utazisoma hapo hapo Tanga kwenye intaneti.

Kwanza ujue mahali watafiti wanapokwama. Kwenye sensa ya 1850 na ya 1860 watumwa waliwekwa kwenye daftari lao peke yao, na majina yao hayakuandikwa. Nilifungua ukurasa mmoja wa 1860 usiku, nimekaa jikoni na chai yangu. Kushoto jina la bwana mwenye watumwa. Mbele yake mistari inashuka: 35, mwanamume, herufi B, maana yake mweusi. 28, mwanamke, B. Kisha 6, kisha 4, kisha mtoto ambaye hata mwaka hajatimiza. Pengine ni baba, mama na wanao, pengine hawana undugu wowote, daftari halisemi. Niliutazama ukurasa ule mpaka chai ikapoa.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Kwa hiyo anzia hapo. Shika jina la mtu na jina la kaunti, yaani kama wilaya kwetu, ndipo urudi nyuma. Na usipoteze siku zako kutafuta sensa ya 1890. Karibu yote ilipotea baada ya moto wa Washington wa mwaka 1921.

Pengo la kati ya 1865 na 1870 linazibwa na nyaraka za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1865 kuwasimamia walioachwa huru. Mle mna mikataba ya kazi, ndoa, habari za shule, na malalamiko ya watu waliofanya kazi shambani wasilipwe. Zinatunzwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani, na picha zake ziko wazi kwa kila mtu. Tafuta pia madaftari ya Freedman's Bank, benki iliyofilisika mwaka 1874. Aliyefungua akaunti aliulizwa alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, ndugu zake nani. Akiba za watu zilipotea, lakini majina ya jamaa zao yakabaki.

Sasa nikwambie kilichonigusa kuliko vyote. New Orleans kulikuwa na gazeti la kanisa, Southwestern Christian Advocate, lenye safu iliyoitwa Lost Friends, yaani Marafiki Waliopotea. Asiyekuwa mteja wa gazeti alilipa senti 50, akatangaziwa anayemtafuta: mama aliyeuzwa akapelekwa Texas, kaka waliyeachana naye utotoni, jina la bwana wa kwanza, jina la aliyewanunua baadaye. Wachungaji waliombwa wayasome matangazo hayo makanisani. Zaidi ya 2,500 yamekusanywa na Historic New Orleans Collection, makumbusho ya historia ya mji huo, na unaweza kuyatafuta kwa jina au kwa mahali. Soma kumi tu ndipo uandike sura yako ya kwanza. Utaandika tofauti.

Kuna na masimulizi ya wazee waliowahi kuwa watumwa, yaliyokusanywa kati ya 1936 na 1938, zaidi ya 2,300, kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani. Yatumie, ila kwa uangalifu. Wahojaji wengi walikuwa wazungu, na mzee mweusi wa majimbo ya Kusini enzi zile hakuwa huru kumwambia mzungu kila lililomo moyoni. Jiulize kila mara nani alikuwa ameshika kalamu.

Ukikwama, waulize wakutubi. Maktaba ya Bunge ina huduma ya maswali mtandaoni, nao hujibu hata wa mbali. Usiandike tu kwamba unataka habari za utumwa. Taja kaunti, mwaka, jina, na ulikokwisha kupekua. Mimi swali langu la kwanza lilikuwa pana mno. La pili likaniletea katalogi ya sanduku zima la barua.

Na hili nimelifikiria sana. Unakumbuka bibi akiita ile nguo nyeupe merikani? Ilifumwa Massachusetts, ikaletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa jimbo hilo. Balozi mdogo wa kwanza wa Marekani pale, Richard Waters wa huko huko Salem, alifika mwaka 1837, na karatasi zake zimo Phillips Library, maktaba ya nyaraka za kale kule Massachusetts. Pamba ya viwanda vile ilichumwa Kusini na watumwa, wale wale wa daftari lisilo na majina. Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 pamba ikakatika, na merikani ikaadimika kwetu. Hiyo ni sura nzima ya tasnifu yako, na sioni nani wa kuiandika vizuri kuliko mtu wa pwani.

Niandikie umechagua kaunti gani. Jumamosi ijayo naenda Washington kuchukua kadi ya msomaji ya Maktaba ya Bunge, haina malipo, na nikishaipata nitakupekulia yale ambayo hayajawekwa mtandaoni. Nisalimie mama, mwambie dawa yake nimeshampa mtu anayekuja mwezi huu.

Ni mimi shoga yako