Barua ya wazi: Kodi yetu ya nyumba ihesabiwe

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya makazi,
Lubumbashi

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, mpangaji hapa Katuba. Juma lililopita mwenye nyumba alikuja alfajiri, hata makala sijawasha, akaniambia nitoke kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Lupango, yaani kiwanja na nyumba zake, ameshauza.

Nikamletea daftari langu. Ni daftari la shule tu, jalada lake limeliwa na mvua, lakini kila mwezi umo: tarehe, dola 80, na saini yake mwenyewe. Miaka 11. Piga hesabu, Mheshimiwa, ni dola 10,560. Humo sikuandika mabati 6 niliyonunua paa lilipovujia kitanda cha watoto, wala choo nilichochimbisha. Akaligeuzageuza, akanirudishia. "Hiyo ulilipia kulala."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo.

Nilikwenda benki kuomba mkopo. Wanataka akonti kwanza, yaani malipo ya kuanzia, na daftari hawakulifungua. Mtu aliyelipa miezi 132 bila kuruka hata mmoja anaambiwa hajaonyesha kwamba anaweza kulipa!

Na huko ninakokwenda kutafuta, garanti, yaani pesa ya kumwekea mwenye nyumba kabla ya kuingia, ni kodi ya miezi 6, kwingine 10, na komisyoneri, dalali wa nyumba, naye anangoja chake. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Katiba, kifungu cha 48, inatuhakikishia makao yanayofaa. Ahadi hizo hazikuandikwa na wapangaji, Mheshimiwa, ziliandikwa na ninyi wakubwa. Kwa nini hazifuatwi? Mimi nadhani ni kwa sababu wengi wenye sauti mjini ndio hao hao wenye nyumba za kupangisha. Wengine wanasema ni watu wa migodi wanaopandisha bei. Labda ni yote mawili.

Ninachoomba si kitu kigeni hapa kwetu. Ruashi ilijengwa miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, shirika la nyumba la wakati wa ukoloni, na wazee wanajua kwamba nyumba za namna ile mfanyakazi aliweza kuzilipa kidogo kidogo mpaka zikawa zake. Turudishieni lokasio-vante, mtu apange huku ananunua. Kama katika zile dola 80 zangu 20 tu zingewekwa pembeni kila mwezi, leo ningekuwa na dola 2,640 mkononi. Hiyo ni akonti, Mheshimiwa. Si ya jumba la Golf kwenye mtaa wa matajiri, lakini ya kiwanja na vyumba viwili inaanzisha safari.

Basi mkataba uandikwe, upigwe muhuri kwenye ofisi ya komini, na sehemu ya kodi ihesabiwe. Nyumba ikiuzwa, aliyekaa ndani aulizwe kwanza. Na benki ilazimike kusoma risiti za mpangaji kama inavyosoma karatasi ya mshahara. Yakiwa mengi, chukua moja tu: tulicholipa kihesabiwe. Mwalimu mwenzangu amepanga tangu kabla sijaolewa, na hana hata tofali. Kihesabiwe.

Nimebakiwa na siku 38. Daftari nimelifunga kwenye nailoni lisilowe tena. Taja siku, nitalileta ofisini kwako mwenyewe, hata ikiwa ni leo jioni baada ya darasa.

Mimi mpangaji wa Katuba