Chekechea si mashindano ya madaftari

Mhariri,

Nashangazwa na wazazi wenzangu hapa Kayole wanaopima ubora wa chekechea kwa wingi wa kazi ya ziada. Mtoto wa miaka minne anarudi jioni na kurasa za kunakili tarakimu, na mama asipoona kalamu nyekundu daftarini anaanza kuulizia shule nyingine.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza kwamba mtoto wa kati ya miaka 2 na 7 huamini kile macho yanamwonyesha. Mimina maji ya kikombe kipana kwenye gilasi nyembamba, atakwambia yameongezeka. Mkaripie upendavyo, jibu ni lile lile. Kinachomsaidia ni kumimina mwenyewe, kurudia, kumwaga hata sakafuni (ndiyo, utapiga deki). Naye Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki 1934, alisema jambo ambalo nyanya zetu walilijua bila kulisomea: mtoto hufika mbali zaidi akisaidiwa na anayemzidi ujuzi, hata kama ni dadake wa Gredi ya Tatu.

Mtaala wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya chekechea kabla ya Gredi ya Kwanza, wenyewe unatambua mchezo kuwa njia ya kujifunza. Na kwa kuwa Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti elimu ya chekechea, naiomba Kaunti ya Nairobi, maafisa wake wanapokagua vituo vya mitaani, waulize kwanza watoto wanachezea wapi. Madaftari wayaangalie baadaye.

Mzazi wa watoto wawili,
Kayole, Nairobi