Mwanangu, begi lako lipakatike

Mafinga

Mwanangu Neema,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, wadogo zako wako shuleni, na baridi ya asubuhi bado haijatuacha ingawa Oktoba imeshaingia. Ujumbe wako wa simu nimeupata pamoja na orodha ya vitu unavyotaka kubeba katika safari yenu, wewe na mwenzako, ya kwenda kusini hadi Kilwa. Nimeisoma nikiwa kwenye cherehani, nikaona jibu la simu halitatosha. Jinzi tatu, sweta mbili, koti, viatu jozi nne, taulo kubwa, na blanketi la tahadhari. Hiyo ni orodha ya mtu anayekwenda kwenye baridi ya Makete mwezi wa Julai.

Sisi wa huku juu ndivyo tulivyolelewa. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mtoto wa hapa huvalishwa sweta kabla hajajua kutembea, kwa hiyo tukifunga mzigo tunawaza baridi kwanza. Wewe unateremka, mama. Ukishaiacha Songea na kuishika njia ya Namtumbo na Tunduru utaanza kulihisi joto, na kuanzia Masasi mpaka Mtwara, Lindi na Kilwa hutapata usiku wa kutaka blanketi. Nayasema haya kwa kuwa nilikaa kwa shangazi yako Masasi nilipokuwa najifunza ushonaji, na miezi hii ya kungoja mvua ndiyo inayochoma kule.

Ninachokuomba ni kimoja: begi lipakatike. Kama huwezi kukaa nalo mapajani kutoka Makambako hadi Songea bila kumbughudhi jirani yako, punguza. Mzigo wa kwenye buti unalipiwa, unasubiriwa, na kila basi linaposimama unachungulia dirishani usije ukateremshwa na mzigo wa mwingine. Lakini gharama kubwa inakuja ukishafika. Mwenye begi zito akishuka stendi anapanda bajaji hata kama gesti iko karibu, na akifika gesti ya kwanza analipa bei atakayotajiwa kwa sababu mabega yanamuuma. Mwenye begi jepesi anatembea. Anauliza hapa, anauliza pale, anaomba kuoneshwa chumba, anaangalia kama dirisha linafunguka na kama neti ipo, ndipo anatoa pesa. Wewe na mwenzako mna akiba ndogo, na ni katika kuchagua gesti ndipo mtakapoiokoa.

Sasa nguo, na hapa nisikilize vizuri maana ni kazi yangu. Jasho linaupoza mwili pale linapokauka. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho linakawia kukauka, na kila kitambaa kinachobana kinalizuia zaidi. Jinzi ni pamba, hilo ni kweli, lakini ni pamba nzito iliyofumwa kwa kubanana. Ukiifua Mtwara jioni, asubuhi utaikuta na maji kwenye mikunjo ya kiuno na mifuko. Poliesta tupu inakauka haraka, ila inashika harufu ya jasho na kugandia mgongoni. Tetroni, ile ya mashati ya shule, iko katikati: inakauka upesi na haikunjamani, ila upepo unapita kwa shida. Kwa joto la kule nakushauri pamba nyembamba, iliyoshonwa pana, yenye rangi ya kupauka. Kitambaa kinyooshe mbele ya dirisha. Ukiuona mwanga unapenya kati ya nyuzi, hewa nayo itapenya. Na muuzaji akikuapia kwamba ni pamba halisi, omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo uuwashe kwa kiberiti. Pamba inatoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalosagika vidoleni. Poliesta inayeyuka, inajikunja, na kuacha kidonge kigumu. Usikiguse kikiwa bado cha moto.

Seti tatu zinatosha safari nzima: moja mwilini, moja kambani, moja begini. Ziwe za rangi zinazokubaliana, ili blauzi yoyote iende na sketi au suruali yoyote. Fua kila jioni kabla hujala, kwa maana ukishakula utalala. Ukishakamua nguo kwa mikono, ilaze juu ya kanga kavu, vizungushe pamoja, kisha kamua tena kwa nguvu. Kanga itanyonya maji yaliyobaki, na nguo itakayoanikwa usiku itavalika asubuhi. Beba kipande cha sabuni ya mche na kamba ya katani ya kutosha kufunga kutoka dirishani hadi mlangoni.

Taulo liache. Chukua doti moja ya kanga, mama yako amekutengea ile nyekundu. Itenganishe: kipande kimoja cha kuogea, kingine cha kujifunika usiku, kujitanda mchana, na kujifunga juu ya suruali mkipita mitaani Kilwa au Mikindani. Watu wa kule ni wakarimu mno na wanajali heshima ya mavazi. Ukiwa umejisitiri mabega na magoti, ukatoa shikamoo yako vizuri, bibi wa nyumba yoyote atakuvutia mkeka.

Viatu: sendo za kutembelea na ndala za bafuni. Basi.

Kofia pana usiisahau, hasa siku mtakayovuka kwenda Kilwa Kisiwani. Kibali mtakipata Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, kwa hiyo fikeni mapema, jua lisiwakute bado mnangoja. Kule mtatembea kwa miguu kati ya magofu, kuanzia msikiti mkuu hadi jumba la kale la Husuni Kubwa, na vivuli ni vya kutafuta. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule, na tangu mwaka 1981 magofu yake yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Natamani uyaone ukiwa na nguvu za kuyaangalia, si ukiwa unawaza kiu. Kila mmoja awe na chupa yake ya lita moja. Weka pia pakiti chache za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vipimwe kwa kijiko kilichosawazishwa juu, vitafanya kazi ileile.

Kuna jambo moja linaloninyima usingizi. Huku kwetu mbu wa malaria ni wachache kwa sababu ya baridi, kwa hiyo mwili wako haukuzoea ugonjwa ule kama miili ya binamu zako waliokulia Masasi. Wao wanaweza kuumwa kichwa wakaendelea na kazi; wewe inaweza kukuangusha. Lala ndani ya neti kila usiku, hata chumba kikiwa na feni. Neti za gesti mara nyingi zina matundu, ndiyo maana nimekuwekea sindano mbili na kibunda cha uzi mweupe: kabla hujapanda kitandani, ipitishe neti yote mbele ya taa na uzibe kila tundu. Beba shati moja la mikono mirefu kwa ajili ya jioni. Ukipata homa, usinunue dawa kwa kukisia. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Na kama homa itakuja wiki kadhaa baada ya kurudi Iringa, mwambie daktari kwamba ulikuwa Pwani, maana asipojua anaweza asiwaze malaria.

Kuhusu zawadi za shangazi, mimi na mama yako tumezungumza sana. Yeye anasema mkono mtupu haulambwi, na alishapanga maharage, viazi mviringo na parachichi kwenye shangazi kaja lile kubwa. Ana haki. Mtoto wa kaka hawezi kufika kwa shangazi yake mikono mitupu. Lakini pia huwezi kuuburuta mzigo ule kutoka Songea hadi Masasi, kisha urudishiwe mwingine wa korosho, na korosho ndizo zinazovunwa sasa. Tumekubaliana hivi: mzigo nitautuma kwa basi na shangazi ataupokea stendi. Wewe utampelekea mkononi kitenge nilichomshonea, kimekunjwa vizuri na hakichukui nafasi. Korosho mwombe azitume kwa njia hiyohiyo, na umwambie ni mimi niliyeomba, asikufikirie umekataa.

Sweta moja utaihitaji. Ivae siku ya kuondoka, usiipakie. Mkirudi kwa njia ya Dar es Salaam, basi likianza kupanda mlima wa Kitonga utaitafuta.

Nimekushonea mifuko mitatu ya vitambaa vilivyobaki, ya kutenganisha nguo safi, nguo chafu na dawa, kwa kuwa ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019. Suruali yako ya pamba nimeiwekea mfuko wa siri ndani ya mshipi, unaotosha kitambulisho na noti zilizokunjwa mara mbili. Pesa ya siku ikae mfuko wa nje, nyingine iache kwenye simu.

Kilichobaki ni blauzi mbili za kutia vifungo. Jumamosi basi lenu la Iringa likifika Mafinga, shukeni mje nyumbani, mle, mlale, mwendelee Jumapili. Njoo na begi likiwa limepakiwa kila kitu, na utembee nalo kutoka stendi mpaka hapa. Jinzi utaziacha kwenye kabati lako.

Baba yako