Wito wa Harambee: Paa la Maabara Linavuja, Utafiti wa Laikeni Umesimama

Assalaam aleykum. Bwana asifiwe. Ndugu wazazi, na nyinyi watoto wa Newala mlioko Dar, Dodoma na kwingineko, tunawasalimu.

Tunaona haya kubisha hodi tena. Juzi tu mlikubali kukatwa shilingi kwa kila kilo ya korosho, madarasa mawili yakasimama, Mungu awazidishie. Ila maabara ya shule inavuja. Masika haya maji yaliingia kabatini, na bahasha za laikeni ambazo vijana walikuwa wamezikausha kivulini zikaota ukungu. Binti wa kidato cha tatu alizifungua moja moja, akazinusa, akazitia kwenye ndoo ya taka bila kusema neno.

Laikeni ni yale magamba ya kijivu kwenye magome ya mikorosho. Ni kuvu na mwani walioshikana wakaishi pamoja. Baadhi zina asidi ya usniki, kemikali iliyojulikana tangu 1844. Vijana wanazilowesha kwenye spiriti, wanachuja, kisha wanapima kama kinachobaki kinatuliza uvimbe. Maabara kubwa humdunga panya unyayoni kwa karajinani, kitu kinacholeta uvimbe, na uvimbe ukipanda dawa hujaribiwa hapo. Na karajinani hiyo hutoka kwenye mwani, kama huu wanaolima kina mama wa pwani yetu! Sisi hatuna panya, wala hatumnyweshi mtu, maana asidi ya usniki ikinywewa yaweza kuumiza ini. Tunatumia ute wa yai. Ukipashwa moto hadi nyuzi 70 unageuka mweupe. Ukitiwa diklofenaki, dawa ya kutuliza uvimbe, weupe unapungua. Laikeni nayo je? Kwa sasa tunapima kwa macho, na kila mwenye macho ana jibu lake.

Mabati 40 kwa shilingi 32,000 ni 1,280,000. Mbao, misumari na fundi 520,000. Kipimamwanga, chombo cha kupima weupe huo badala ya macho, 2,100,000. Spiriti na vyombo vya kioo 300,000. Jumla 4,200,000, wazazi wa hapa wameshatoa 640,000. Kwenye magrupu ya harusi tunachanga kuliko hizo kwa wiki moja, na hakuna anayelalamika.

Michango ipokelewe na mwekahazina wa kamati, risiti papo hapo. Mapato na matumizi yatabandikwa ubaoni.

Tukutane Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa 4 asubuhi, uwanja wa shule. Asiye na fedha alete bati. Asiye na bati alete trei ya mayai, nayo yana kazi.